Mama Magamba Avisha Upinde

Mama Magamba alikuwa akimvua samaki ngozi kama wewe unavyovua soksi, na alipenda atazamwe akifanya hivyo. Meza yake ilikuwa ya mwisho katika soko la samaki, kando ya ukuta wa chumba cha barafu, mahali ambapo sakafu haikauki mwaka mzima. Alizungusha kisu nyuma ya kichwa cha samaki, akapasua mstari mmoja tumboni, akaingiza kidole gumba, kisha akavuta taratibu huku akimpa mteja habari nyingine kabisa. Ngozi ilitoka nzima, haina tundu wala chembe ya nyama, naye akaitundika ukingoni mwa meza ili kila apitaye aione. Anayedhani hiyo ni kazi ya kila mtu ashike kisu ajaribu. Tutamtazama kwa heshima, kisha tutamtafutia plasta.

Jina lake alipewa na watoto wa mtaani kwao enzi hizo, kwa kumcheka, maana alirudi nyumbani magamba yakimng'aa kwenye nywele. Mwingine angelia. Yeye aliitika. Aliitika leo, akaitika kesho, mpaka utani ukawachosha wenyewe na jina likabaki kwake kama cheo. Siku hizi mteja akifika sokoni akaambiwa Mama Magamba bado, huenda kununua nyanya kwanza, kisha akarudi kumsubiri.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanamke huyu hakutembea kifua mbele, napo ni penye kizingiti cha karakana ya marehemu baba yake.

Baba alikuwa fundi wa pinde, pinde za mbao za kulengea shabaha, na alipofariki kazi ilikwenda kwa mdogo wa kiume wa Mama Magamba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kama ulivyomwita baba. Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, chenye dirisha moja, meza nzito yenye jiliwa ya kubania mbao, na vipande vya mti vilivyolazwa darini vikauke kwa miaka. Na ilikuwa na sheria. Mafuta ya samaki yakigusa mbao, gundi haishiki. Kwa hiyo mtu wa samaki haingii. Basi. Mama Magamba alikuwa msichana mdogo alipoanza kumsaidia mama yake sokoni, na tangu siku hiyo baba alimsimamisha mlangoni.

Msidhani alikubali kirahisi. Alijisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga, mpaka ngozi ya viganja ikawa nyekundu, halafu akaenda kunyoosha mikono mbele ya baba yake. Baba aliinama, akanusa, akatikisa kichwa. "Bado, mwanangu," alisema, na hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, wahenga walisema, lakini huyu hata kuvukuta alinyimwa. Alichobakiwa nacho ni macho. Akasimama kizingitini miaka nenda miaka rudi akitazama, na kwa kutazama tu alijua kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Karakana ilikuwa na sheria ya pili. Upinde una pande mbili: tumbo, linalomtazama mpiga mishale, na mgongo, unaotazama shabaha. Mgongo ndio unaotanuka upinde ukivutwa, kwa hiyo fundi huufuata mduara mmoja wa mti, ule mstari wa umri wake, kutoka ncha hadi ncha bila kuukata popote. Ukikatwa mahali, hapo ndipo upinde utakapovunjikia. Mafundi wengine huvisha mgongo kitambaa au ngozi ili kuushikilia. Baba hakutaka kusikia. "Upinde uliovaa nguo una la kuficha," alisema. Pinde za nyumba hii zilikwenda uchi, zikapigwa chapa ya moto karibu na mshikio, na iliyoharibika ilikatwa ikawa kuni.

Sasa tuje kwenye lile lililotokea.

Darini kulibaki kipande kimoja cha mti wa baba. Alikichagua mwenyewe, akakipasua mwenyewe, akasema ni cha mtoto wa nyumba hii atakayekuja kulenga. Mtoto huyo alipatikana: binti wa Fundi, dereva wa lori la mikate, mwanamke mwenye mabega kama mlango na macho yasiyopepesa. Alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na hadi wakati huo alishindana kwa upinde wa kuazima. Mashindano ya vilabu yalipokaribia, Fundi akakishusha kile kipande, akakifuta vumbi, akaanza.

Fundi alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Ila macho yake yalianza kumtupa, na miwani alikuwa nayo, ndani ya droo.

"Anaivaa kutazama mpira tu," wifi yake Mama Magamba, yaani mke wa Fundi, alikuwa akisema. "Labda anafikiri mti utamcheka."

Asubuhi moja kisu chake cha vipini viwili kilizama kidogo kuliko ilivyotakiwa, karibu na katikati ya mkono wa juu wa upinde, kikaukata ule mduara. Kidonda chenyewe hakikuzidi ukucha. Lakini kilikuwa mgongoni, na maji yakimwagika hayazoleki.

Wifi ndiye aliyempigia simu. "Njoo, wifi. Kakaa humo ndani hasemi, na msumeno kauweka mapajani."

Mama Magamba alikuja na ndoo yake mkononi, akasimama kizingitini. Fundi alikuwa kwenye kigoda, upinde umelala mezani mbele yake. Binti yake alikuwa ameegemea ukuta, bado amevaa sare ya kazi.

"Nimeuua, dada," Fundi alisema. "Mti wa baba."

"Niuone."

Aliuleta mpaka mlangoni. Mama Magamba alitazama bila kugusa, kama alivyozoea.

"Utaufanya nini?"

"Unajua nitaufanya nini."

"Nipe mimi basi."

"Wewe utaufanyia nini?"

"Nitauvisha," alisema. "Ngozi ya samaki."

Binti alicheka kidogo, akadhani shangazi anamtania baba yake. Fundi hakucheka, maana alimjua dada yake. Na ilikuwa kweli, wazo hilo alikuwa nalo tangu utotoni. Aliwahi kupita mpiga mishale mmoja msafiri, akaja kununua kamba, akauegemeza upinde wake nje ya mlango, pale pale aliposimama msichana wa samaki. Mgongo wa upinde ule ulikuwa na vijumba vidogo vidogo vilivyopangana kama vigae vya paa. Msichana alipitisha kidole, akamtambua samaki kabla hajautambua upinde. Msafiri alipoondoka, baba aliucheka sana upinde ule. Msichana hakucheka. Alikaa na jambo lile moyoni mpaka akawa mwanamke mzima mwenye mvi.

"Baba angesema nini?" Fundi aliuliza.

"Baba angesema hapana. Lakini baba hayupo, na mti upo."

"Na ukivunjika mkononi mwa mwanangu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na wote walijua. Upinde ukivunjika umevutwa hadi mwisho, kipande kinarudi usoni mwa aliyeuvuta. Mama Magamba alimtazama binti wa mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Halafu akasema jambo ambalo sharti nilisifu, kwa sababu mwenye kiburi cha bure asingelisema.

"Tujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Ngozi isiposhika, nitakushikia kuni mwenyewe ukikata."

Alichagua samaki wawili warefu wa magamba madogo, mapacha kwa urefu, akawavua ngozi pale pale sokoni huku akijisikia kama bibi harusi. Alikwangua magamba, akakwangua utando wa ndani, akasuuza kwenye karai lake, akazipeleka. Fundi alimpitishia gundi ya moto juu ya kizingiti, naye akabandika ngozi kwenye kipande cha ubao, uani, akaifunga, wakaiacha ikauke.

Ilipokauka, Fundi aliingiza ukucha pembeni akavuta. Ngozi ilibanduka yote kwa mara moja, kama lebo ya chupa iliyolowa. Chini yake ubao ulikuwa safi, kana kwamba haujawahi kuona gundi.

"Mafuta," Fundi alisema kwa upole.

Hakumcheka wala hakusema nilikwambia. Upole ule ndio ulimchoma, kwa sababu ulikuwa ule ule wa baba. Mama Magamba alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akaona aibu ambayo hakuwa ameiona tangu alipokuwa akinyoosha viganja vile vyekundu. Alikasirika pia. Alimkasirikia baba kwa kumsimamisha mlangoni, kisha akamkasirikia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Maana kuhusu mafuta mzee hakukosea hata chembe.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake zilikuwa na magamba. Akiwa amekaa pale alianza kuhesabu mafuta yalipotoka. Karai lile limesuuza samaki tangu lilipokuwa jipya. Maji ya soko yana mng'ao juu. Kisu je? Na mikono yake mwenyewe, iliyoikandamiza ngozi kwa mapenzi yote. Alikuwa ameisafisha ngozi kwa mafuta.

Kesho yake alimwachia jirani meza yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Soko likanong'ona. Wengine walisema anaumwa, wengine wakasema anaolewa, na muuza dagaa akasema vyote viwili vinawezekana kwa pamoja. Yeye alikuwa nyumbani anajisugua. Alichuja maji ya majivu, akaloweka mikono, akasugua kwa brashi ya kucha, akaacha siku ipite, akarudia. Kila alichokijua kuhusu kuondoa mafuta ya samaki alikuwa amekijifunza juu ya ngozi yake mwenyewe akiwa mtoto, kwa sababu ya mlango ule. Sasa alikitumia kwa ngozi ya samaki. Alinunua beseni jipya. Akazilaza ngozi mpya kadhaa ndani ya maji ya majivu ya uvuguvugu tu, kwa sababu maji ya moto huzikunja kama nyama kikaangoni, akazipapasa kwa sabuni, akamwaga, akabadilisha. Kila alipobadilisha aliinama kutazama kama juu ya maji kuna ule mng'ao wa rangi rangi. Maji yalipotulia meupe, hayana kitu, alikausha ngozi kwa taulo na kuzinusa. Zilinuka sabuni.

Jaribio la pili Fundi alianza na ukucha. Ukucha haukuingia. Akaleta koleo, akabana pembe ya ngozi, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ngozi ilipokubali kutoka, ilitoka na nyuzi za mbao. Gundi ilikuwa imeshika kuliko mti wenyewe ulivyojishika.

Fundi aliitazama ile ngozi yenye manyoya ya mbao chini yake. Kisha alikwenda kwenye droo, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Haya," alisema. "Tuuvishe."

Waliufanyia kazi uani, mbele ya mlango, upinde umebanwa kwenye benchi mgongo juu. Fundi alikaa ndani ya kizingiti na sufuria ya gundi, dada yake nje. Ngozi mbili, mikia ikielekea kwenye ncha, vichwa vikikutana kwenye mshikio, na hapo Fundi alishangaa waziwazi, kwa sababu samaki hupungua upana kuelekea mkiani kama upinde unavyopungua kuelekea nchani. Karibu hakukuwa na cha kukata. Mama Magamba aliisukuma ngozi kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda kando, akatoa kila kipovu cha hewa, gundi ikachuruzika pembeni. Gumba lile lilikuwa limevua ngozi maisha yake yote. Siku hiyo lilikuwa linavisha, na lilijua njia. Halafu alifunga upinde wote kwa vitambaa vya shuka kuukuu, bila kukaza sana ili visiache alama.

"Sasa unafanana na mgonjwa," wifi alisema kutoka jikoni. "Nimletee uji?"

Paka wa jirani alikuja akakaa chini ya benchi, akainua pua, akangoja. Alikuwa na imani kubwa kuliko Fundi.

Upinde ulipofunguliwa, ngozi ilikuwa ngumu na nyembamba kama ukucha, kijivu cha fedha, na vile vijumba vya magamba vimepangana kutoka mshikio hadi ncha. Fundi alisugua kingo kwa msasa, akapaka vanishi, ngozi ikawa nyeusi kidogo na ikameta. Kile kidonda kilikuwa chini yake mahali fulani. Lakini uzuri haushikilii mti. Ilibaki kuuvuta.

Ndani ya karakana, ukutani, palikuwa na ubao wenye meno. Upinde hulazwa juu yake, fundi akavuta kamba kutoka mbali, jino kwa jino, ili kama ni kuvunjika uvunjike mbele ya ukuta na si mbele ya uso. Fundi alivuta jino la kwanza, akangoja. La pili. Binti yake alikuwa amekunja ngumi. Mama Magamba alikuwa nje ya kizingiti, mkono kwenye mwimo wa mlango, na macho yake hayakuwa kwenye upinde wote bali pale tu alipojua kidonda kipo. Kwenye jino la katikati kitu kililia: tak.

Fundi aliachia kamba taratibu. Alisogea, akapapasa mgongo wa upinde, akapapasa tena. Halafu akaokota kitu sakafuni akakiinua. Lilikuwa tone la gundi lililokuwa limekauka ukingoni, limeruka.

"Endelea," alisema dada yake kutoka mlangoni.

Akaendelea mpaka jino la mwisho. Upinde ulikunja mikono yake miwili sawasawa, ukatulia hapo, na ngozi haikunyanyuka popote. Fundi aliuacha umevutwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipouachia, binti aliuchukua, akatoka nao uani, akauvuta kwa mkono wake mwenyewe mpaka kamba ikamgusa kidevu. Mshale ulikwenda ukajikita kwenye gunia la majani ukutani, ukazama hadi manyoya.

"Shangazi," binti alisema, "huyu samaki anaogelea."

Mama Magamba alijiona mrefu. Sina namna nyingine ya kulisema. Alichukua ndoo yake, akaenda zake nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya watu.

Kwenye mashindano binti hakuchukua kikombe. Alishika nafasi nzuri na hakuwa na haja ya kujitetea. Lakini kila alipouegemeza upinde wake, walikuja wazoefu wa mchezo kupitisha vidole mgongoni. Wakatafuta chapa, hawakuiona. Fundi hakuwa ameipiga. Walimuuliza ni kazi ya nani.

"Mti ni wa babu, umbo ni la baba," aliwajibu. "Na aliyeuokoa ni shangazi yangu, Mama Magamba, yuko soko la samaki, meza ya mwisho."

Maneno hayo aliyarudisha nyumbani kama alivyoyasema, akayamwaga mezani wakati wa chakula. Wifi alimtazama mumewe. Fundi aliendelea kula.

Asubuhi chache baadaye, soko likiwa limejaa, Mama Magamba alisikia meza za mwanzo zimenyamaza. Akainua macho. Mdogo wake alikuwa anakuja katikati ya njia yenye maji, anachagua pa kukanyaga, na mkononi ana upinde. Mtu huyu hakuwahi kutia mguu soko la samaki tangu azaliwe; hata baba hakuwahi. Alifika mpaka meza ya mwisho, akauweka upinde kando ya ndoo ya matumbo ya samaki.

Mama Magamba alifuta mikono kwenye aproni, asiuguse. Ulikuwa mpya, mti mwingine, umelainishwa vizuri. Aliinama akaufuata ule mduara kwa macho kutoka ncha hadi ncha. Wateja walisubiri.

"Hauna kasoro," alisema.

"Hauna."

"Hujakata popote."

"Popote. Nilivaa miwani."

"Sasa umeniletea wa nini?"

"Nataka uuvishe," Fundi alisema, na alisema kwa sauti, muuza dagaa akasikia.

Mama Magamba alishika kisu chake. Alimalizia samaki aliyekuwa mbele yake, akamfunga, akamkabidhi mteja. Kisha akasema, "Nitakuja wiki ijayo. Lazima nikae nyumbani kwanza nijisugue. Unajua mikono yangu."

"Njoo leo, dada. Kujisugua utajisugulia kule."

Walikwenda pamoja, yeye na ndoo yake, Fundi na upinde wake. Kwenye mlango wa karakana alisimama pale aliposimama siku zote. Miguu yake ilisimama yenyewe. Fundi aliingia, hakugeuka. Mezani kulikuwa na upinde wa binti, na karibu na mshikio, kwenye tumbo la mti, chapa ya baba ilikuwa imepigwa, bado inanuka moshi. Chini ya dirisha, mahali palipokuwa na sanduku la mabaki ya mbao, palikuwa na beseni jipya juu ya kigoda, brashi ya kucha, mche wa sabuni, na kopo la majivu yaliyochekechwa vizuri. Kando yake Fundi alikuwa amepigilia msumari wa kutundikia taulo.

Mama Magamba aliweka ndoo yake nje. Akavuka kizingiti, magamba bado yako kwenye nywele, akakunja mikono ya gauni, akaanza kunawa.